Mimi Sili Wanga

Jumanne, 2 Januari

Nguruwe alikuwa na kilo mia na ishirini. Mimi kilo mia na tisa. Ndiyo, nilipimwa kwenye mizani ya nguruwe! Mbele ya mtaa mzima!

Nianze mwanzo, maana daftari hili ni jipya na halijui lolote. Mwezi wa kumi na moja tulichinja nguruwe uani kwa Blagoje. Blagoje ni kumu wangu, yaani ndiye aliyesimamia ndoa yangu na kunibatizia binti yangu. Kwetu kumu ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Tukishachinja, mimi ndiye ninayesimama kwenye sufuria kubwa na kukoroga mafuta mpaka yatoe čvarci, vile vipande vikavu vya rangi ya dhahabu ambavyo mtu akianza kula hajui kuacha. Miaka ishirini na miwili nakoroga mimi. Kabla yangu alikoroga baba. Mwiko ni ule ule, aliuchonga kwa mkono wake kutoka kwenye mforosadi uliokuwa nyuma ya nyumba. Basi mwaka huu nikawa nahema kidogo. Kidogo tu! Blagoje akasema, watu wote wakisikia, kwamba anayehema kuliko nguruwe apumzike, mwiko apewe mwenye pumzi. Wakanipandisha kwenye mizani. Ni mizani ya zamani yenye mkono mrefu: upande mmoja jukwaa la nguruwe, upande wa pili kisahani cha mawe ya kupimia, na gramu moja kisahanini hubeba gramu mia jukwaani. Mtaa mzima ukaona mawe yanavyoongezwa.

Nikapandwa na hasira. Nikatangaza kwamba tarehe kumi na tisa Januari, Sikukuu ya Ubatizo, padri atakapotupa msalaba katika mto Tisa na wanaume kuurukia, mimi na Blagoje tutakuwamo. Kati yetu sisi wawili, atakayetangulia mita zile thelathini na tatu ndiye mwenye mwiko mpaka kufa. Tukapeana mikono. Ljubinka, mke wangu, akatazama mbinguni kama anayesubiri mvua.

Leo nimeamka nikakumbuka kwamba sijaogelea tangu jeshini.

Halafu kuna jipya. Waliovuka miaka arobaini na tano hawaingii majini bila saini ya daktari! Nikaenda zahanati, pale anapofanya kazi Ljubinka, mapokezi. Daktari Teodora, rika la binti yangu, alinipima presha mara tatu akidhani mashine imeharibika. Kisha akanieleza habari ya kuweka uwiano kati ya wanga na mafuta. Nipunguze mkate mweupe, viazi na maandazi. Mafuta nisiyaache, ila niyachague, ya samaki na ya kokwa za jozi, si ya nguruwe. Nusu ya sahani iwe mboga. Nitembee. Eti gramu ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi ya gramu ya wanga. Nilishtuka! Miaka arobaini na tisa nimeishi na hakuna aliyeniambia kwamba mafuta ni bora mara mbili!

Akanipa daftari niandike kila ninachokula, nimrudishie tarehe kumi na tano. Kwa hiyo sasa ninayo mawili. Lile ni la daktari, hili ni la ukweli.

Daftari la daktari, leo: samaki, nusu tango, maji.

Ukweli: maharage ya tanuri bakuli mbili, na mkate wa kufutia bakuli.

Mpango wangu ni huu. Wanga naacha kabisa, tena hadharani, Blagoje asikie atetemeke. Mafuta naongeza, kwa sababu maji ya Tisa ni baridi na mimi sijapata kumwona nguruwe anayetetemeka. Siku mbili za mwisho najaza wanga ili nipate kasi. Sioni mahali pa kukosea.

Alhamisi, 4 Januari

Mungu wangu! Nimesahau mfungo!

Krismasi yetu ni tarehe saba, na mpaka hapo hakuna nyama, mayai, maziwa wala jibini. Kanisa limenizuilia mafuta, daktari kanizuilia wanga. Kati ya hao wawili kilichobaki ni kabichi chachu. Jana nimeila asubuhi, mchana na jioni. Leo nilipoinama kufunga kamba za viatu, Ljubinka alifungua dirisha.

Saa nne nikaenda banda la kuni, ambako mitungi ya čvarci imepangwa tangu tulipochinja. Nilijiambia kwamba kanisa linakataza kula kwa starehe, na mimi nakula kwa matibabu. Nilikula bila hata chembe ya mkate, nikajisifu kwa ukali wa nafsi yangu. Nikageuka. Mama mkwe! Persida ana miaka themanini na mmoja na hasikii kengele ya kanisa, lakini alinisikia ninavyotafuna nyuma ya ukuta wa mbao.

Nikamweleza mambo ya wanga. Akauliza kama wanga ni ugonjwa. Nikasema hapana, ni mkate. Akafanya ishara ya msalaba mara tatu kwamba kuna mtu ameupa mkate jina kama hilo. Kisha akaninyang'anya mtungi.

"Daktari atakusainia karatasi," akasema. "Huko juu nani atakusainia?"

Na la kushtua zaidi sijaliandika. Jirani kaniambia kwamba Blagoje anatembea kilomita kumi kila siku kwenye tuta la mto, anakula uji wa shayiri, na suruali inamshuka. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Mimi nilimwombea kwa moyo wote, kumbe ndiyo inamfaa!

Jumapili, 7 Januari. Krismasi

Nitaandika upesi.

Asubuhi alikuja Blagoje. Kila mwaka yeye ndiye mgeni wetu wa kwanza wa Krismasi, anayechochea moto kwa tawi la mwaloni na kututakia heri nyingi kama cheche zinazoruka. Amepungua! Shavu limeingia ndani! Alinipiga tumbo kwa upendo akauliza mwezi wangu wa ngapi. Nikacheka. Ndani nilikuwa nachemka.

Mchana tukakaa mezani. Nguruwe wa kuchoma, malai ya chumvi, kila kitu, na katikati mkate wa Krismasi. Humo ndani Persida huficha sarafu ya fedha ya enzi za mfalme, yenye kichwa chake, aliyorithi kwa bibi yake. Mkate unazungushwa, unamegwa kwa mikono, na atakayeipata sarafu ana bahati mwaka mzima. Kipande kimoja huwekwa pembeni kwa ajili ya nyumba.

Hapo nikatoa hotuba yangu. Nikasimama nikasema mimi sili wanga tangu Mwaka Mpya, hata chembe, hata leo. Nikaugusa mkate kwa vidole, nikaubusu, nikampa Ljubinka kipande changu. Persida aliweka mkono kifuani. Lakini Blagoje nilimwona! Alinitazama kwa heshima! Nilijisikia mrefu.

Wote wakamega, wakatafuta. Hakuna sarafu. Persida akafurahi kupita kiasi, maana hiyo inamaanisha sarafu imo kwenye kipande cha nyumba, na bahati ya nyumba ndiyo kubwa kuliko zote. Akakipeleka stoo, akakiweka chini ya picha ya mtakatifu, tukifungue baada ya kula.

Sasa, mtu anakula nguruwe kilo moja bila mkate. Jaribuni! Mafuta yalikuwa yamenipanda mpaka kooni. Nikasema naenda kuleta kuni. Nikapita stoo. Nilitaka kunusa tu. Nilikimegea kona. Kisha kona ya pili, ili zilingane. Kisha nikapaka malai. Nikasikia hatua za mtu, nikalisukuma donge lote lililobaki kinywani na kulimeza bila kutafuna, na kitu kigumu, cha duara, kikashuka nalo polepole mpaka chini.

Nilijua papo hapo.

Hatua zilikuwa za Blagoje. Ljubinka alimtuma alete chupa ya rakija, ile pombe yetu kali ya matunda. Mimi nilishatoka kwa mlango wa nyuma nikiwa na kuni tatu mkononi.

Baada ya dakika kumi Persida akaenda kuchukua kipande ili kumwonyesha kumu bahati yetu. Akarudi na sahani tupu. Akauliza nani aliingia stoo.  Waliokuwa wametoka mezani ni mimi na Blagoje tu, na watu wote walinitazama mimi. Mimi nikasema, naapa nilisema hili tu na si zaidi: "Mimi? Mimi sili wanga. Wote mmesikia."

Macho yote yakahama kwangu yakaenda kwa Blagoje.

 Aliweka leso mezani, akambusu Persida mkono, akachukua kofia yake akatoka. Miaka ishirini na sita ya ukumu wetu, na nilisikia viatu vyake kwenye theluji mpaka langoni. Sikumwita. Nashangaa mpaka sasa kwamba sikumwita.

Jumatatu, 8 Januari

Persida amekataza jina la Blagoje litajwe ndani ya nyumba. Amesema kikulacho ki nguoni mwako. Analia anapoosha vyombo. Siyo sarafu, anasema, ni kwamba amemlisha kijana huyo tangu akiwa bado ana nywele kichwani.

 Ljubinka ananitazama tu ninavyokula. Hiyo imenishtua kuliko kilio.

Nimeamua kukiri. Lakini kukiri bila ushahidi si adabu. Kwanza sarafu itoke, niioshe, niitupe kwenye kona ya stoo, mtu aikute, panya asingiziwe, kila mtu asamehewe na mimi nisitajwe. Ni mpango safi. Nimekula plamu kavu nusu kilo na kabichi chachu juu yake.

Daftari la daktari, jana: samaki, nusu tango. Mkate: hakuna. Nimeongeza maneno "hata Krismasi" na kuyapigia mstari.

Jumatano, 10 Januari

Hakuna kitu. Plamu kilo moja na nusu! Mwili mzima umetii isipokuwa mfalme.

Jumamosi, 13 Januari

Leo nilikuwa nife. Nasema kweli.

Siku sita zimebaki na sijaingia majini hata mara moja. Nikapata wazo. Mafuta yaliyoliwa yanaleta presha, lakini ya kupaka daktari hakuyataja! Yananipa joto bila kuhesabiwa. Nikachukua kilo mbili za mafuta ya nguruwe, nikashuka mtoni nyuma ya kiwanda cha matofali, mahali ambapo hakuna watu. Nikavua, nikajipaka kuanzia shingoni. Nikang'aa. Nikajiona mwepesi.

Watu hawakuwapo, ila mbwa walikuwapo. Kwanza mmoja, wa mwashi. Akanilamba mguu. Nikamfukuza kwa upole. Nilipogeuka walikuwa watano! Sikuwahi kujua mtaa wetu una mbwa wengi hivyo. Njia ya nchi kavu ikawa imefungwa, nikaingia mtoni kabla ya wakati wangu.

Maji yale! Hakuna mafuta duniani yanayoweza kitu. Pumzi ilikatika, mguu ukazama topeni, nikapiga kelele nikanywa mto. Nilimwona baba na mwiko wake. Sitanii, nilimwona, na alikuwa ameudhika.

Kisha mkono ukanikamata kwapani, ukateleza. Ukanikamata tena, ukateleza tena, kwa sababu ya mafuta. Mara ya tatu ukanishika nywele. Nikavutwa hadi kwenye majani kama gunia. Blagoje! Alikuwa kwenye kilomita zake kumi. Ameingia na viatu, na koti, mpaka kiunoni. Akawafukuza mbwa, akanivika koti lake, akanisugua mgongo mpaka nikaanza kukohoa.  Tulipofika kwangu akasimama langoni, nje, hakuvuka.

"Kumu," akasema, "mimi sikuuchukua ule mkate."

Nikafungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikasema asante kwa koti.

Jumatatu, 15 Januari

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya mita nne, kutoka mlango wa chumba cha picha mpaka meza ya Daktari Teodora.

Ljubinka alimweleza daktari kwamba nimekunywa mto, na daktari akasema hagusi kalamu mpaka apige picha ya kifua, aone kama kuna maji kwenye mapafu. Sikuweza kukataa. Kwani nilijua? Nilidhani picha ya kifua inaishia kifuani!

Mapafu ni mazima. Lakini pale chini, pembeni, kuna duara jeupe, zuri, lenye ukingo safi. Daktari akaisogeza picha kwenye taa. Akavua miwani, akavaa. Kisha akafungua daftari langu, akatafuta tarehe saba, akaliweka kando ya picha.

"Mjomba Ratomir," akasema taratibu, "hapa umeandika hukula mkate hata Krismasi."

Nikasema huenda ni kifungo cha shati. Akamwita Ljubinka kutoka mapokezi. Ljubinka alitazama mara moja tu. Hakunipigia kelele. Aliichukua ile picha akatoka nayo kwenye ujia, na katika ujia, kwenye benchi, alikuwa ameketi Blagoje akisubiri kupimwa presha yake. Akaishika picha dirishani mbele ya macho yake. Blagoje aliitazama kwa muda mrefu. Aliona mbavu zangu, aliona mafuta yangu, aliona mfalme. Kisha akaingia kwa daktari kwa zamu yake kana kwamba mimi ni kiti. Presha yake ni kama ya kijana. Saini amepewa.

Mimi sikupewa. Daktari amesema sarafu imetulia na itatoka yenyewe, nirudi kupigwa picha wiki ijayo, lakini kwa presha hii ataniruhusu kuoga bafuni tu. Tena amesema jambo lililoniuma. Kwamba daftari hakunipa ili anikamate, alinipa kwa sababu baba yangu alifia kwenye sufuria ile ile akiwa na miaka hamsini na mmoja, na Ljubinka alimwambia haya akiwa analia. Sikujua kwamba Ljubinka hulia zahanati.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi sikupewa hata kumi.

Alhamisi, 18 Januari

Mkesha wa Ubatizo. Mfungo mkali, hata tone la mafuta haliruhusiwi. Maharage ya maji. Viazi vya maji. Nilikuwa nimepanga leo kujaza wanga kwa ajili ya kasi, na kanisa linanijazia bure, na sina pa kukimbilia nao.

Mchana nilikwenda kumwomba Blagoje msamaha. Nilifika mpaka langoni. Upepo ulikuwa unavuma kutoka pande zote, wazee husema leo pepo zinakutana na kupishana. Nikaona ni busara kusubiri utulie, nikajibanza nyuma ya rundo la kuni la jirani.

Nikiwa pale nikamwona Persida. Peke yake, na fimbo yake, kwenye barafu! Mwanamke ambaye hajatoka uani tangu Oktoba. Blagoje akatoka mbio bila koti ili amshike mkono. Persida hakuingia. Alisimama pale pale, akainamisha kichwa chake cheupe mbele ya kijana aliyemlisha, akamwomba amsamehe kwa kuwa aliniamini mimi. Blagoje akainama chini kuliko yeye. Wakabaki hivyo, wote wawili wameinama, kwa kosa langu mimi, na mimi nyuma ya kuni.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kuwasha masikio. Nimerudi nyumbani nikala viazi bila chumvi kujiadhibu. Ilidumu mpaka saa kumi.

Ijumaa, 19 Januari. Ubatizo

Nilikwenda mtoni na mwiko wa baba umefungwa kwenye gazeti.

Waogeleaji kumi na wanne. Padri akatupa msalaba, na wakaruka. Nilipiga kelele za kumshangilia Blagoje kabla sijajizuia. Msalaba ulichukuliwa na binti wa miaka kumi na tisa anayesomea kupiga fidla! Wanaume kumi na watatu nyuma yake wakitoa mvuke. Blagoje alikuwa wa tisa. Lakini kati yetu wawili alikuwa wa kwanza, maana mimi nilikuwa nchi kavu na kofia ya manyoya.

Alipotoka alikuwa na rangi ya plamu. Nikamkabidhi mwiko. Nilikuwa nimeandaa maneno, maneno mazuri, nikayasahau yote. Nikasema tu kwamba mpini una ufa kidogo, asikoroge kwa nguvu upande wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa vimeganda, mwiko ukaanguka thelujini. Nikauokota. Nikamvika koti lake mwenyewe, lile la Jumamosi, nilikuwa nimelifua. Huku meno yakigongana akasema, "Kesho ni Mtakatifu Yohane."

Akaondoka na mwiko.

Najua kwamba kesho ni Mtakatifu Yohane! Ndiye mtakatifu wa ukoo wao, na siku yake nyumba yao huwa wazi. Siku hiyo mtu haalikwi, anayejijua huja mwenyewe. Na Mtakatifu Yohane ndiye mlinzi wa ukumu, kwa jina lake tuliapa. Je, alinialika? Alinionya? Nimeuliza Ljubinka. Amejibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Jumamosi, 20 Januari. Mtakatifu Yohane

Imetoka! Alfajiri! Sitaandika zaidi ya hapo, hata daftari lina heshima yake. Persida aliichemsha kwenye rakija mara tatu, akamwaga rakija, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba hii.

Tulikwenda wote. Ljubinka, Persida, na mimi nyuma yao. Wageni walikuwa wamejaa, mshumaa umewashwa, mkate wa mtakatifu mezani. Wanawake wakapita. Mimi Blagoje akanizuia kizingitini kwa mkono mmoja. 

"Nani alikula mkate wa nyumba?"

"Mimi."

"Na nani alisema hali wanga?"

"Mimi, kumu."

Alinitazama. Nilihisi baridi ya mto ule upya. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwiko si kitu, niuchukue au niuache, lakini mlango huu ukifungwa sina pengine pa kwenda siku kama ya leo.

"Ingia," akasema. "Chakula kinapoa."

Nililia. Mbele ya watu wote! Wakanipa kijiko cha ngano iliyochemshwa na jozi na sukari, ambayo hakuna anayeruhusiwa kukataa, nikala nikilia.

Baadaye Blagoje akaushusha mwiko ukutani, akauweka mbele yangu. Akasema hautaki. Anamtaka kumu wake akiwa hai kwenye sufuria na si ndani yake. Ila kuna sharti. Kila Jumamosi nitapanda ile mizani uani kwake. Nikizidi Jumamosi iliyopita hata kidogo, mwiko unahamia ukutani kwake moja kwa moja. Na mwezi wa kumi na moja niwe chini ya kilo tisini na tano, kwa kula alivyosema Daktari Teodora: wanga kwa kiasi, mafuta kwa kuchagua, mboga nusu ya sahani. Nikaapa kwa Mungu na kwa Mtakatifu Yohane. Persida alinishika shavu. Ljubinka, kwa mara ya kwanza mwaka huu, alicheka. Niliapa kwa moyo wangu wote, na nilipokuwa naapa niliamini kila neno.

Kisha nikatoka uani kupata hewa.

Mizani ilikuwa pale chini ya paa. Nikafuta vumbi, kwa heshima tu. Nikakiinua kile kisahani cha mawe. Jamani! Chini yake kuna tundu dogo la duara, limechongwa na fundi wa zamani sijui kwa kazi gani. Nikajaribu kwa kidole. Upana wa sarafu kabisa! Nimekumbuka kwamba Persida aliipima sarafu jikoni leo asubuhi, aone kama tumbo langu limeila. Gramu tano. Na gramu moja hapa hubeba mia kule. Nusu kilo yangu inafichika, bila jiwe lolote kuongezwa, bila mtu kuona!

Nimerudi ndani. Nimeomba kipande kingine cha nguruwe, chenye ngozi, na mkate wa kufutia sahani. Kesho ni Jumapili, na hakuna mtu anayeanza jambo zito Jumapili. Daftari la daktari, alilonirudishia niendelee, nimeshalijaza la leo: samaki, nusu tango, maji.

Nusu kilo kwa sarafu moja. Persida anazo nyingine kumi na moja. Ziko ndani ya soksi, kabatini, nyuma ya mablanketi.